Mstari kwa Mstari

Novemba, saa kumi alfajiri, mjini Kuopio.
Theluji inashuka bila haraka, kama mtu asiyedaiwa.
Saimi Kortesalmi ana mtihani wa marudio kabla ya Krismasi:
hesabu za kuyachambua mawimbi,
zilizomwangusha mwezi uliopita kwa alama mbili.
Daftari lina doa la kahawa pale penye jawabu.

Simu inaita. Ni baba yake, yumo ndani ya katapila,
anasukuma theluji barabara ya Siilinjärvi,
upande huu, kisha upande ule, mstari kwa mstari,
na nyuma yake theluji inaanza upya.
"Nieleze tena hicho unachosomea.
Wenzangu waliniuliza kwenye chai, nikababaika."

Saimi anavuta pumzi.
Mwili ni maji, baba, zaidi ya nusu yake ni maji,
na kila tone lina visumaku visivyohesabika
vinavyotazama huku na huko, kama watu mnadani.
Mlaze mtu ndani ya sumaku kubwa, vichache vitatii.
Tunavisukuma kwa mawimbi ya redio, vinayumba,
na vikirudi mahali pake vinalia kidogo.
Kilio hicho ndicho tunachokinasa.

Kimya. Waipa zinafuta kioo.
"Kwa hiyo mnabisha hodi kwenye nyumba ya watu,
kisha mnasikiliza nani kaitika, chumba kipi."
Saimi anayaandika hayo pembezoni mwa daftari.
Kitabu kilitumia kurasa arobaini.

*

Nyumba yangu haina mlango. Yai.
Sote tulijibu hivyo tukiwa wadogo, tukapewa ushindi,
wala hakuna aliyeuliza: sasa utaingiaje
usilivunje?
Huko kaskazini swali hilo lina shahada yake.

*

Wiki ya kwanza ya maabara walipiga picha kitunguu.
Maganda yakajitokeza, duara ndani ya duara,
na Jalmari, asiyeweza kunyamaza, akajifuta machozi ya uongo.
Wiki ya pili, chupa ya maji ya chumvi.
Wiki ya tatu Bi. Rautio akauliza: leo nani atalala?
Saimi akavua hereni, saa, mkanda,
akatia sahihi fomu ya kurasa tatu, akisoma moja,
akaingia.

Tak-tak-tak-tak. Du. Du. Du.
Mle ndani hakuna fizikia. Kuna pua inayowasha
na amri ya kutoikuna.

Alipotoka, Jalmari hakuwa na mzaha.
Kwenye skrini, ubongo wake, kijivu juu ya kijivu,
na upande wa kushoto, nyuma kidogo ya sikio,
doa jeupe, la mviringo, nadhifu mno.
"Mimi ni mwanafizikia," Bi. Rautio akasema taratibu,
"sisomi picha za watu." Akainua simu.

Siku kumi na moja.
Katika siku hizo aliandika ripoti, maana tarehe ya mwisho
haijui doa wala mwenye doa:
*Kokotoa uwiano wa ishara na makelele
kwa kutumia picha mliyoipata.*
Ishara akaipima ndani ya kichwa chake mwenyewe.
Makelele akayapima pembeni, gizani, pasipo na mtu.
Akapewa tatu kati ya tano. Alisahau kuandika
ukubwa wa eneo alilolipima.

Daktari alikuwa kijana, soksi zake hazikufanana.
"Kifuko cha maji. Pengine ulizaliwa nacho,
pengine utazeeka nacho. Tutakitazama tena mwakani."
Pengine, pengine: nalo lina kipimo gani?

*

Alimwambia baba saa kumi, katapila likinguruma.
Breki. Kimya kirefu kuliko kile cha kwanza.
"Nchi yote hii ni maziwa," akasema baba.
"Ulidhani wewe utakosa lako?"
Sauti yake ilikwama kwenye neno la mwisho.

Akaondoa breki, akasahau kukata simu.
Saimi akabaki anasikiliza bamba la chuma
likikwangua lami, likienda, likigeuka, likirudi.
Mtihani ni kesho.
Akafungua ukurasa wenye doa la kahawa
akaanza kulikisia jawabu lililo chini yake.